Baiskeli Moja, Vipimo Vingi

Masomo ya Watu Wazima kwa Redio. Mfululizo: Historia ya Vyombo Tunavyovitumia. Somo la Sita. Limepigwa chapa kwa matumizi ya vikundi vya wasikilizaji.

 

Juma lililopita tulizungumza habari za reli ya Tanga, ambayo kazi yake ilianza mwaka wa 1893 na kufika Moshi mwaka wa 1911. Leo tunashuka katika gari la moshi na kupanda chombo kidogo zaidi, nacho ni baiskeli. Kama unayo nyumbani, iegemeze ukutani karibu nawe. Somo hili litakufaa zaidi ukilisikiliza huku umeishika kwa mkono.

Tuanze hapa Usagara. Wengine wakisikia jina hili huifikiria nchi ya Wasagara, kule milimani upande wa Kilosa. Mimi nasema Usagara ya mjini Tanga. Tuseme asubuhi moja mzee anafika kwa fundi, chini ya mwarobaini, akisukuma Raleigh aliyoachiwa na baba yake. Kila siku humpakia mjukuu wake kwenye keria na kumpeleka shule. Sasa ringi ya nyuma imeliwa na chumvi ya bahari. Lakini mzee hakuja mikono mitupu. Amenunua ringi nyingine kuukuu, iliyotoka katika baiskeli ya Ulaya, nayo ni nzima na inang'aa. Ringi ya zamani ni namba 28, na hii mpya pia ni namba 28.

Fundi anahesabu mashimo ya spoki. Habu ya mzee ina mashimo 40, lakini ringi ina 36. Anajaribu kuivika tairi ya zamani, nayo inapwaya kama kanzu ya baba kwa mtoto. Anaishika ringi mahali pa gurudumu, anaona mipira ya breki haikai sawasawa nayo.

Je, mwenye duka kamdanganya mzee? La. Je, mzee ni mjinga? La, hasha. Zote mbili ni namba 28 kweli. Basi kosa liko wapi? Jibu la swali hili halipatikani dukani. Limo katika historia, na ndiyo sababu tunalo somo hili.

VIPIMO VILITOKA WAPI

Baiskeli haikutungwa na mtu mmoja. Mwaka wa 1817 Mjerumani mmoja, Karl von Drais, alitengeneza chombo cha magurudumu mawili ambacho mpandaji alikisukuma kwa miguu yake mwenyewe kugusa chini. Miaka ya 1860 Wafaransa waliweka pedeli kwenye gurudumu la mbele. Mwaka wa 1885, katika mji wa Coventry, Uingereza, John Kemp Starley alitoa baiskeli iliyoitwa Rover, yenye mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Ukiitazama baiskeli yako hapo ukutani, umbo lake ni la Rover ile. Mwaka wa 1888 John Boyd Dunlop, aliyekuwa daktari wa mifugo mjini Belfast, akapata hati ya tairi ya kujazwa upepo.

Basi viwanda vikaota kama uyoga baada ya mvua, na kila kiwanda kikapima kivyake. Waingereza walipima kwa inchi, Wafaransa kwa milimita. Waitaliano walifanya jambo la kuchekesha: katika bomba la chini la fremu, pale inapopita ekseli ya pedeli, upana waliupima kwa milimita, na hesi wakaihesabu kwa inchi. Hesi ni ile mikato inayozunguka kwenye skrubu na ndani ya nati.

Hata Waingereza wenyewe hawakupatana wote. Mwaka wa 1841 Joseph Whitworth alikwisha pendekeza hesi za namna moja kwa viwanda vyote, na baadaye wahandisi wa baiskeli wakajiwekea kanuni yao. Kwa kanuni hiyo, katika bomba la chini la fremu, inchi moja ilikuwa na mikato 24. Lakini Raleigh wa Nottingham, kiwanda kikubwa kupita vingi, walikata mikato 26. Tofauti ni mikato miwili tu, na kwa macho huioni. Kumbuka hesabu hii, tutairudia.

Na ile namba 28 je? Sikiliza vizuri hapa, maana wengi hupotea. Mwanzoni namba 28 haikuwa kipimo cha ringi. Ilikuwa inchi za gurudumu zima, pamoja na tairi iliyojaa upepo, kutoka ukingo hata ukingo. Tairi ikiwa nene, ringi ilifanywa ndogo. Tairi ikiwa nyembamba, ringi ilifanywa kubwa. Lakini jina likabaki lile lile. Baadaye unene wa tairi ukabadilika, majina yasibadilike. Basi ringi ya Raleigh ya mzee, 28 kwa moja na nusu, pale inapokaa tairi ina milimita 635. Namba 28 nyingine ya Ulaya ina milimita 622. Tofauti ni milimita 13. Namba 26 ni mbaya zaidi, maana yako ya milimita 559, 584, 590 na 597, na zote huitwa 26.

Spoki nazo zina habari yake. Waingereza waliona gurudumu la nyuma hubeba uzito zaidi, wakaweka spoki 40 nyuma na 32 mbele. Nchi nyingine nyingi ziligawa sawa, 36 nyuma na 36 mbele. Jumla ni 72 kwa wote. Ni kama ndugu wawili waliorithi minazi 72, kila mmoja akagawa shamba lake kwa namna yake.

VIPIMO HIVI VILIFIKAJE TANGA

Baiskeli imekuwapo Tanga tangu enzi ya Wajerumani. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba 1914, meli za Waingereza zikiwa zimetia nanga nje ya mji, jemadari wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliingia Tanga kwa baiskeli kuyapeleleza mambo yalivyo. Hivyo baiskeli imo katika habari za vita ya Tanga, ingawa vitabu vingi huikumbuka mizinga na nyuki tu.

Vita ile ilileta jambo linalotuhusu leo. Bahari ilifungwa na manowari za Kiingereza, na bidhaa kutoka Ulaya zikawa adimu. Matairi yangetoka wapi? Nchini mlikuwa na mashamba ya mpira ambayo bei ya mazao yake ilianguka vibaya mwaka wa 1913. Basi mpira ule ulichanganywa na salfa, ukatengenezwa matairi ya magari na ya baiskeli. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliliandika jambo hilo katika kumbukumbu zake. Salfa ndiyo huupa mpira ugumu, usiyeyuke kwa jua wala kukatika kwa baridi. Bila shaka tairi hizo hazikuwa sawa na za kiwandani, lakini watu walikwenda nazo. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Waingereza waliingia Tanga mwezi wa Julai 1916, na baada ya vita biashara ikafuata bendera. Zikaja Raleigh, BSA, Hercules, Phillips, Humber na Rudge. Katika miji na mashamba ya mkonge, mtu aliyepata mshahara aliweka akiba anunue baiskeli. Na huko Uingereza viwanda vilikuwa vikimezana. Raleigh walinunua Humber mwaka wa 1932, Rudge mwaka wa 1943, na baiskeli za BSA mwaka wa 1957. Mwaka wa 1960 Raleigh wakaunganishwa na kampuni iliyokuwa na Phillips na Hercules. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye fremu likaacha kuwa ushahidi wa kipimo kilichomo ndani. Fundi aliyesoma jina tu alikosea. Ilimpasa apime.

Baada ya Uhuru zikaja baiskeli za India na za China, nyingi zikiwa zimefuata umbo la zile za Kiingereza. Katika miaka ya 1970 Tanzania ilianzisha kiwanda chake, NABICO, kilichokuwa Dar es Salaam, na baiskeli zake ziliitwa Swala. Kisha ukaja wakati wa dhiki. Vita ya mwaka wa 1978 na 1979, bei ya mafuta, na ukosefu wa fedha za kigeni vilikausha maduka. Wale wenye umri wangu mnakumbuka foleni za sabuni na sukari. Tairi la baiskeli lilikuwa mali. Wakati huo ndipo mafundi wetu walipotiwa katika mtihani mkubwa, maana kilichokuwapo ndicho kilichofungwa, kikilingana kisilingane. Kuanzia mwaka wa 1984 serikali iliwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa, na polepole maduka yakajaa. Zikaja pia baiskeli kuukuu kutoka Japani na Ulaya, na vipimo vyake vingine tena.

Sasa itazame baiskeli ya mzee wetu. Fremu ni ya Nottingham, mnyororo huenda ni wa China, kiti ni cha India, na ringi anayoitaka ni ya Ulaya bara. Kila utawala na kila biashara iliyopita Tanga imeacha kipimo chake ndani ya chombo kimoja. Wenye viwanda hawakukaa meza moja wakapatana. Aliyeachiwa kazi ya kuwapatanisha ni fundi aliye chini ya mwarobaini, na alichonacho ni tupa, nyundo na kipande cha bati.

KIPATANISHI NA SHERIA ZAKE TATU

Kipande anachokitengeneza fundi ili vitu viwili visivyolingana vishikane, katika somo hili nitakiita kipatanishi. Huenda kikawa bushi, washa, au bati lililoviringwa. Nitakupa sheria tatu. Ziandike.

Sheria ya kwanza: kikubwa hupunguzwa, kidogo hakikuzwi. Chukua kotapini, ile inayoufunga mkono wa pedeli kwenye ekseli. Ziko za milimita 9 na nusu, na ziko za milimita 9. Ukiwa na nene, isugue kwa tupa kidogo kidogo mpaka iingie barabara. Ukiwa na nyembamba, usiivike bati ukadhani umeikuza. Bati litasagika, mkono utacheza, na siku moja utakanyaga pedeli kwa nguvu mlimani nayo itakwenda bila wewe.

Sheria ya pili: kipatanishi kijaze nafasi, kisibebe mzigo peke yake. Mfano wake ni nguzo ya kiti. Tuseme nguzo yako ina unene wa milimita 25.4, na bomba la fremu lina upana wa milimita 26.4. Pengo ni milimita 1. Utahitaji bati la unene gani? Wengi hujibu milimita 1, nao hukosea. Bati huizunguka nguzo, likakaa kulia na kushoto. Hivyo linalotakiwa ni nusu milimita. Likate liwe refu kushuka ndani ya bomba, lisiwe pete fupi. Ncha zake zisipandane. Juu liachie masikio mawili uyakunje kwa nje, lisije likazama ndani. Kisha lipake grisi, maana hewa yetu ya pwani ina chumvi, na bati kavu litashikana na nguzo lisitoke tena.

Washa nazo ni za sheria hii. Habu ikiwa nyembamba kuliko nafasi iliyo kati ya miguu ya nyuma ya fremu, jaza kwa washa kila upande mpaka itoshe. Usiibane fremu kwa nati mpaka ipinde. Ukifanya hivyo, unaikunja baiskeli yenyewe ili kuokoa washa mbili.

Sheria ya tatu: kinachoongoza na kinachosimamisha hakipatanishwi kwa kubahatisha. Kinachoongoza ni usukani na uma wa mbele. Kinachosimamisha ni breki. Kiti kikilegea, utashuka ukakirekebisha. Usukani ukilegea katika mteremko, hakuna nafasi ya kushuka.

KOSA NILILOLIFANYA MIMI

Msidhani mwalimu alizaliwa akiyajua haya. Nilipokuwa kijana wa miaka kumi na saba, mjomba wangu alinipa Raleigh yake nimbadilishie kikombe cha gololi kwenye bomba la chini, upande wa kushoto. Nilipata kikombe kipya cha baiskeli nyingine. Kilionekana sawasawa. Nikakizungusha kwa mkono, kikaingia mizunguko miwili kwa ulaini, kisha kikakaza. Nikafikiri ni kutu. Nikatia mafuta, nikachukua spana kubwa, nikaiongezea bomba ili nipate nguvu.

Kutu haikuwapo. Ile ilikuwa hesi ya mikato 24 ndani ya hesi ya mikato 26. Tufanye ile hesabu. Inchi moja ni milimita 25.4. Ukigawa kwa 24 unapata kama milimita 1.06 kwa kila mzunguko. Ukigawa kwa 26 unapata kama 0.98. Tofauti ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, ndiyo maana mizunguko ya kwanza hupita. Lakini kila mzunguko huongeza kosa juu ya kosa, mpaka chuma kimoja kile kingine. Mimi niliila fremu ya mjomba.

Mjomba alikuwa akifanya kazi katika shamba la mkonge. Kwa majuma kadhaa aliondoka nyumbani usiku wa manane, akaenda kwa miguu. Hakunipiga, wala hakunifokea. Kila alfajiri nilisikia mlango ukifunguliwa, nikajifunika shuka. Mwishowe fundi mwenye mashine ya kukereza alilipanua bomba, akaliingizia bushi ya chuma aliyoikata hesi kwa ndani. Fremu ikapona. Kipatanishi ndicho kilichosahihisha kosa la mtu aliyedhani nguvu zinaweza kupatanisha. Lakini gharama yake ilimla mjomba nusu ya mshahara wa mwezi.

Basi wewe fanya hivi. Chukua kitu cha zamani na kipya, viweke hesi kwa hesi, uvielekeze kwenye mwanga. Meno yakiingiana bila kuacha mwanga kati yake, ni ndugu. Mwanga ukipenya, ni wageni. Jambo hili halihitaji shule wala mashine.

TURUDI KWA MZEE

Sasa turudi kwa mzee na ringi yake. Mashimo 36 na habu ya 40 yaweza kupatanishwa. Fundi ataacha mashimo manne ya habu matupu, ingawa spoki hazitakuwa na urefu mmoja. Au bora zaidi, atatafuta habu ya mashimo 36 na kujaza washa. Tairi nayo yaweza kupatikana, ya milimita 622. Lakini breki je? Baiskeli ya mzee ina breki za vyuma, si za waya. Mipira yake hupanda na kuubana uso wa ndani wa ringi, ule unaoielekea habu. Ringi mpya ni fupi kwa milimita 6 na nusu kila upande, na uso wake wa ndani haukufanywa kwa breki hiyo. Ringi na breki ni kama chanda na pete. Ukimbadilisha mmoja, umeugusa na mwingine.

Hapa fundi anaweza kupinda vyuma vya breki, akafunga, akalipwa, na mzee akaondoka akishukuru. Baiskeli itakwenda vizuri sana, lakini tatizo litakuwa kusimama. Na kwenye keria amekaa mtoto wa shule.

Fundi mwenye kujua historia atamwambia, "Shikamoo mzee, hii ni 28, lakini si 28 yako. Irudishe dukani, uulize ya 635, ya mashimo 40. Ukikosa, nitakufungia hii pamoja na breki za waya zinazobana ubavuni. Kwa hii peke yake siwezi." Siku hiyo atakosa pesa ya ringi. Mimi nasema huyo ndiye fundi.

Mwisho, shika mnyororo wa baiskeli yako. Hans Renold aliutengeneza mnyororo wa vigurudumu mjini Manchester mwaka wa 1880. Leo, kutoka pini moja hata nyingine, ni nusu inchi, Uingereza, India na China, na hata Ufaransa na Japani ambako watu hupima kwa mita. Hivyo ulimwengu ukitaka kupatana huweza. Siku hizi matairi mengi yana namba za milimita ubavuni, kwa mfano 37-590. Ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipimo cha ringi. Isome hiyo ya pili kabla hujatoa pesa yako.

Juma lijalo tutazungumza habari za cherehani. Mpaka hapo, kwaherini.

MASWALI KWA VIKUNDI

1. Eleza kwa nini ringi mbili zenye namba 28 zinaweza kutolingana.

2. Nguzo ya kiti ina milimita 25.4, na bomba lina milimita 27. Bati liwe na unene gani?

3. Hesabuni spoki za baiskeli zote zilizopo kikundini, mbele na nyuma. Je, zinafuata mgawo wa Kiingereza au mgawo sawa?

4. Jadilianeni: fundi akiombwa na mteja afunge kitu cha hatari, na mteja hana pesa ya kingine, afanye nini?